King'ora Kikizimwa

Wenzake walimwita Kimbunga, ingawa gari la wagonjwa likiwa tupu aliliendesha kama aliyebeba mayai. Nyuma hukaa muuguzi na mgonjwa. Kati yao na dereva kuna ukuta wa bati wenye kidirisha. Mgonjwa akikata roho njiani, muuguzi hasemi kitu, maana mara nyingi ndugu yumo humo humo. Hugonga ukuta mara mbili. Dereva huzima king'ora na kupunguza mwendo, kwani maiti haina haraka. Kimbunga aliyasimulia haya nyumbani kwa mzaha, na mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. Laiti angeufunga mdomo wake.

Siku mama alipobanwa na kifua, zamu ilikuwa ya Kimbunga. Alimbeba mwenyewe, akamfunga mikanda, akashika usukani. Siku hiyo jina lilimfaa. Njia nzima aliomba kimoyomoyo asiusikie ule ukuta.

Kwenye kona ya soko akausikia, mara mbili.

Mkono uliozoea ulizima king'ora kabla moyo haujaelewa. Gari likajikokota nyuma ya lori la mchanga, naye akayakodolea macho matairi yake, mtu mzima na ndevu zake, yatima.

Ghafla kidirisha kikafunguliwa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umechomoka kwenye mkanda wake pale konani, ukagonga ukuta, ukayumba, ukagonga tena.

"Mama yuko hai," muuguzi alisema. "Kanyaga, kaka."

Alikanyaga. Walifika, lakini mama hakuliona jua la kesho yake. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka zamani, na kuchelewa kule kusingebadilisha kitu. Kimbunga alimwamini. Ila huzuni haijui hesabu za daktari, na baada ya mazishi alimbana muuguzi amwambie mama alisema nini huko nyuma.

Muuguzi alizunguka mbuyu weee, mwisho akasema. King'ora kiliponyamaza, mama alifumbua macho, akatega sikio, akaelewa.

"Mwambie bado nipo," alisema. "Asije akaendesha huku analia."

Siku hizi Kimbunga akigongewa ukuta hazimi wala hapunguzi, mpaka langoni mwa hospitali. Wakubwa wamemkemea, na wenzake humtania kwamba anawahisha maiti kwenye miadi. Huwaacha wacheke.