Krismasi ya Tarehe Ishirini na Saba

Katika chumba cha kufulia cha ile hoteli kubwa, watu hawakuitwa kwa majina yao. Mtu aliitwa kwa namba ya mashine aliyosimama mbele yake, na kwa kuwa mwanamke wa hadithi hii alipewa pasi kubwa ya mvuke yenye namba tisa, basi akawa Tisa. Mwanzoni jambo hilo lilimkera. Baadaye akalizoea, hata mumewe nyumbani akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza. Lakini usidhani kuzoea ndiko kukubali. Tisa alikuwa mtu wa kuweka mambo moyoni miaka na miaka, ameyakunja na kuyapanga kama mashuka, kisha siku moja anayatoa yote kwa mpigo. Ukiwa karibu siku hiyo, jitafutie pa kukaa.

Walifika nchi ile, yeye na mumewe, wakiwa na mabegi mawili na moyo mkubwa. Mume alipata kazi ghalani, akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Mtoto wao wa pekee, msichana, alizaliwa huko huko na sasa alikuwa na miaka saba. Baba yake alimpa jina la utani la Hakimu, maana mle ndani halikupita neno bila yeye kulitolea hukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

Sasa sikiliza desturi ya pale kazini. Kila Desemba ikianza, Msimamizi alibandika karatasi kwenye mlango wa stoo ya sabuni. Juu yake paliandikwa kwamba wenye familia wajiorodheshe ili wapumzike siku ya Krismasi. Maneno mazuri kabisa. Ila kulikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote: wageni hawajiorodheshi. Familia ya mgeni ilihesabiwa kuwa iko huko alikotoka, hata kama mkewe au mumewe anamsubiri mtaa wa pili na chakula kinapoa mezani. Hakuna aliyekuambia hivyo kwa mdomo. Mwaka wako wa kwanza uliwaona wageni wenzako wakipita mbele ya karatasi ile wakiangalia sakafu, na wewe ukaangalia sakafu. Tisa aliiangalia sakafu ile miaka sita.

Hoteli hujaa siku hizo, na mashuka hayana sikukuu. Tarehe ishirini na nne mpaka ishirini na sita Tisa alikuwa akipiga pasi tangu alfajiri, foronya juu ya foronya, vitambaa vya meza ambavyo watu wengine wangekulia Krismasi yao. Siku yake ya kupumzika iliangukia tarehe ishirini na saba. Ndiyo siku familia ile ilipokula kuku na keki.

Mwaka ule Hakimu alipokuwa na miaka mitatu, alikaa dirishani tarehe ishirini na tano akiangalia watoto wa jirani na nguo zao mpya. Akauliza mbona kwao hakuna kitu. Baba yake, mtu wa utani, akamjibu hapo hapo, "Hiyo ya leo ni yao, mwanangu. Ya kwetu ni tarehe ishirini na saba." Tisa aliporudi jioni akaulizwa kama ni kweli. Miguu ilikuwa imemvimba, usingizi umemkaba. Akasema ndiyo. Walidhani mtoto atasahau. Watu wazima tuna tabia hiyo ya kudhani watoto husahau.

Hakimu hakusahau. Kila kalenda mpya ilipotundikwa jikoni, yeye alikimbilia Desemba na kuizungushia duara jekundu tarehe ishirini na saba. Bibi yake alipopiga simu kutoka nyumbani tarehe ishirini na tano kuwatakia heri, alimwambia kwa upole, "Bibi, umewahi. Piga tena kesho kutwa." Bibi akacheka mpaka akakohoa. Tisa alipohadithiwa hakucheka.

Mwaka huu, Desemba ikiwa changa, mwalimu wa Hakimu alimwita Tisa shuleni. Alimkalisha kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti yakagusa kidevu, akamweleza. Darasani walikuwa wakizungumza kuhusu Krismasi, na Hakimu akasimama akawaambia wenzake kuwa ziko mbili. Wakamcheka. Hakukubali kukaa. Alibishana mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na baada ya kengele akaendelea nje. Mwalimu alikuwa ameyaandika maneno yake ya mwisho kwenye kijikaratasi: "Ya kwenu huja yenyewe. Ya kwetu huja Mama akipewa ruhusa."

"Ni desturi ya kwenu?" mwalimu aliuliza, bila ubaya wowote.

"Hapana," Tisa akasema. "Ni desturi ya kazini kwetu."

Aliaga akatoka. Njiani aibu ilimtafuna. Hakumwonea aibu mwalimu, wala wale watoto waliocheka. Alimwonea aibu binti yake, ambaye alisimama peke yake mbele ya darasa zima akiutetea uongo wa wazazi wake kwa nguvu zake zote. Mtoto alikuwa jasiri kuliko mama, na alichokuwa akikipigania hakikuwepo. Kabla hajafika mlangoni pake, Tisa alikuwa ameshakata shauri. Mwaka huu tarehe ishirini na tano angekuwa mezani kwake, liwalo na liwe.

Mumewe alimsikiliza akiwa amesimama na sufuria mkononi.

"Mama Hakimu, ukimwaga unga je? Vibali vyetu vya kukaa hapa vinashikiliwa na hizi kazi mbili."

"Nitaumwaga nikiwa nimekaa na mwanangu."

"Uongo wenyewe niliuanzisha mimi."

"Wewe ulitania. Mimi ndiye niliyetia muhuri."

Kesho yake, saa ya chai, Tisa alikwenda kwenye mlango wa stoo ya sabuni akaandika jina lake. Hakuandika Tisa. Aliandika majina yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa. Namba Nne, mkunjaji wa mashuka aliyetoka nchi moja naye na kumzidi miaka mingi, alimvuta mkono mpaka nyuma ya mapipa ya nguo chafu.

"Mdogo wangu, umerogwa? Futa haraka kabla hajaona!"

"Nimeandika ili aone, dada."

"Utatuchomea wote. Wakianza kutuangalia kwa jicho baya, mimi nitakwenda wapi na umri huu?"

"Wewe wanao wawili wako hapa hapa. Mara ya mwisho kula nao siku hiyo ilikuwa lini?"

Namba Nne akarudi kwenye mashuka yake. Siku nzima hawakusemezana.

Kufika mchana jina lilikuwa limepakwa ile dawa nyeupe ya kufutia. Tisa akaandika tena juu yake. Asubuhi iliyofuata ilikuwepo karatasi mpya, majina ya wenyeji yamenakiliwa yote vizuri, la kwake halimo. Basi akajikaza kisabuni. Alikwenda kwenye meza ya kutilia alama, akachukua ile kalamu nene wanayoandikia mashuka, yenye wino usiotoka hata ukichemshwa na magadi, akaandika jina lake mara ya tatu. Wino ulipenya karatasi ukaingia kwenye ubao wa mlango. Badilisha karatasi sasa tuone.

Msimamizi alikuja mwenyewe. Hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililochosha. Alikuwa mtu wa tabasamu, wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Tisa, karatasi hii ni ya wenye familia."

"Ninaye mume mmoja na mtoto mmoja. Njoo nyumbani uwahesabu."

"Lakini nyinyi si mnasherehekea tarehe ishirini na saba? Ulituambia mwenyewe mwaka juzi. Nami kila mwaka nakupa siku hiyo bila kinyongo."

Ni kweli Tisa alisema hivyo. Kazini walimwuliza wakati wa chai, akaona aibu kusema ukweli, akawahadithia kama jambo la kuchekesha. Uongo aliomlisha mtoto ulikuwa umerudi kukaa mbele yake na tabasamu. Mashine zilikuwa zinanguruma, lakini mikono ilisimama chumba kizima, na Namba Nne alishika ncha za shuka hewani bila kulikunja.

"Nilisema hivyo kwa sababu ile ya tarehe ishirini na tano mlikuwa mmeshanichukulia," akasema, kwa lugha ya watu wa pale, taratibu, asije akakosea hata neno moja. "Hakuna watu wenye Krismasi ya tarehe ishirini na saba. Tuliitunga sisi, kwa ajili ya karatasi yako."

Tabasamu likapungua. "Usipofika siku hiyo nitalazimika kukuandikia barua ya onyo."

"Andika. Ila andika vizuri, mwanangu anajua kusoma."

Ikafika siku yenyewe. Tisa hakwenda. Aliamka saa ile ile ya kila siku kwa sababu mwili haujui sikukuu, akamsikia mumewe anakoroma, akapika. Kuku akaingia kwenye oveni, keki ikapoa, kitambaa cha meza kikanyooshwa na yeye mwenyewe kwa pasi ndogo ya nyumbani, mara mbili, kwa raha tu. Saa nne wakamwita Hakimu mezani.

Hakimu alisimama mlangoni mikono nyuma. Akaangalia kuku. Akaangalia keki. Akaangalia kalenda.

"Leo siyo," akasema.

"Leo ndiyo, mwanangu," Tisa akamwambia. "Ni ile ile moja, ya watu wote. Nilikudanganya. Ilikuwa siku ya kazi na sikuwa na ujasiri wa kukataa, ndiyo nikakuambia ya kwetu iko mbele. Nisamehe."

"Kwa hiyo darasani walikuwa sahihi?"

"Walikuwa sahihi."

Mtoto alifikiri. Unaweza kumwomba radhi mtoto, lakini huwezi kumharakisha. "Ulisema ni ya ishirini na saba, ikawa uongo," akasema hatimaye. "Sasa unasema ni leo. Nitajuaje?"

Baba yake akajifanya anatafuta chumvi. Aliyestahili kuulizwa swali lile ni Tisa, na aliyekuwa na haki ya kuuliza ni huyu mtoto. Simu ikaita, namba ya kazini.

"Pokea," Hakimu akasema. "Watakugombeza."

Tisa akapokea mbele yake. Msimamizi alikuwa akihema, mashuka yamefika darini, njoo hata saa sita. "Leo niko na familia yangu," Tisa akamjibu. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye pasi yangu." Akakata simu. Hakimu alivuta kiti akakaa, akala paja zima na vipande viwili vya keki, lakini zawadi yake hakuifungua. Alisema ataiweka mpaka apate uhakika.

Tarehe ishirini na sita Tisa aliingia kazini akiwa amekaza uso. Barua ilikuwa inamsubiri juu ya mashine namba tisa, ndani ya bahasha, imekunjwa vibaya. Aliifungua akaisoma mara mbili. Wenzake wakamkodolea macho, wakitarajia machozi. Yeye akaitandaza juu ya pasi, akashusha mfuniko, mvuke ukapiga shwaa, akaitoa imenyooka haina hata mkunjo mmoja, akaitia kwenye mkoba. Namba Nne alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini ile kalamu nene huwa inawekwa wapi, maana mwakani macho yake huenda yasione vizuri.

Jioni Hakimu aliikuta barua mezani. Alisoma lugha ya pale vizuri kuliko wazazi wake wote wawili, na alipenda sana karatasi zenye mihuri. Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Ilisema mfanyakazi aliyetajwa hapo juu, na majina yote matatu yalikuwepo, alipewa onyo la kwanza, kwa kuwa aliamua kukaa na familia yake siku ya Krismasi, tarehe ishirini na tano Desemba, badala ya kufika kazini.

Akarudia mstari ule kimya kimya. Akageuza karatasi kuangalia nyuma, kisha akaugusa muhuri.

"Ameandika bosi wako?"

"Ameandika yeye."

"Na amekasirika?"

"Sana."

"Basi ni kweli," akasema Hakimu.

Alipanda juu ya kiti, akaibandika barua ya onyo ukutani kando ya kalenda, akalikata lile duara jekundu kwa mistari miwili. Kisha akashuka, akaenda kuifungua zawadi yake.