Mama Yangu Hakubatizwa

Alhamisi moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nakumbuka hata harufu ya chumba tulichosomea Injili: mafuta ya taa, maganda ya machungwa, na jasho letu sisi tuliotoka zamu ya asubuhi bila kuoga. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo pale Nyakato, nimepanga chumba kwenye nyumba za wafanyakazi, na nilikuwa nimebatizwa mwaka huohuo.

Usinicheke. Wewe ulibatizwa ukiwa unanyonya, hata hujui kama maji yalikuwa ya baridi. Mimi nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nikayasikia yakishuka mpaka mgongoni, na siku hiyohiyo nikaanza kuwa na shida ambayo sikumwambia mtu.

Shida yenyewe ilikuwa mama. Mama yangu, Mayu kama tulivyomwita kwa Kisukuma, alifariki kabla mimi sijajua hata kusali Baba Yetu. Tuliishi upande wa Kisesa, si mbali na Bujora, tuna ng'ombe wachache na shamba la viazi. Kanisa aliliona kwa mbali tu, akipita kwenda mnadani. Aliwaheshimu waliotangulia kama alivyofundishwa na mama yake, akapika pombe ya matambiko kila ilipohitajika, akafa hivyo. Kwa hiyo nilipotoka kanisani na nguo yangu nyeupe, watu wakipiga vigelegele, furaha ilinikatikia njiani. Nilikuwa najiuliza: mimi nimeingia, na yeye je?

Kila Alhamisi alasiri tulisoma Injili chumbani kwa Bibi Tereza. Huyu alikuwa mjane wa Kikerewe, katekista mstaafu, mfupi, na mkali kwa mtu anayesoma haraka. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona mahali pengine. Mmoja anasoma somo kwa Kiswahili, polepole, halafu analirudia. Tunanyamaza. Kisha mwingine anasimulia somo lile kwa lugha ya kwao, bila kuangalia kitabu, kama anavyomsimulia mama yake jikoni. Tulikuwa Wasukuma, Wajita, Wahaya na Mjaluo mmoja, kwa hiyo mara nyingi hatukuelewa hata neno, tukabaki kumtazama msimuliaji usoni. Akimaliza anatuambia kwa Kiswahili alichokiona humo, ndipo mazungumzo yanaanza. Bibi Tereza alisema Kiswahili chetu wengi tulikipata shuleni, na mtu anaweza kukisoma chote vizuri na moyo wake usipate habari. Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilitaka majibu, na nilitaka upesi, kama wewe na hiyo simu yako.

Basi Alhamisi hiyo nikajikaza, nikauliza.

"Bibi, mtu aliyekufa bila kubatizwa, kwa sababu hakuna aliyemfikia, yuko wapi?"

Deusi, kijana wa Kihaya aliyekuwa anasomea ukatekista, alilidaka swali kabla Bibi hajafungua mdomo. "Hilo liko wazi, dada. Asiyebatizwa hana nafasi kule. Hata tukilia namna gani." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi.

Nilichukua kanga yangu nikatoka, na chumbani kwangu nililia, zaidi kwa hasira kuliko kwa uchungu. Niliapa sitarudi. Nilijiambia kwamba kama mlango ule umefungwa kwa Mayu, basi na mimi nitakaa nje pamoja naye. Nilikuwa nasema kweli, mwanangu. Imani yangu ilibaki kidogo sana wiki ile.

Alhamisi iliyofuata nikasikia hodi. Alikuwa Bibi Tereza, amesimama mlangoni na fimbo yake, anahema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yule uliyemuulizia ni nani wako?"

"Ni mama."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nilikaa kimya nikamwacha kijana aseme. Nisamehe, mwanangu. Haya, vaa viatu, leo ni zamu yako ya kusimulia."

"Bibi, sitaki kusimulia. Nataka kujua mama yangu yuko wapi."

"Na mimi nataka kujua mume wangu yuko wapi," akasema. "Twende tukasome."

Sikuwa najua kwamba mume wake naye alifariki nje ya Kanisa. Siku zote zile alikuwa akisoma na sisi, na swali lake analo kifuani. Nilivaa viatu.

Somo la siku hiyo unalijua. Bwana ameshauawa, ameshafufuka, na wanafunzi wake, wasijue la kufanya, wamerudi ziwani kuvua. Usiku kucha hawapati kitu. Alfajiri kuna mtu amesimama ufukweni, anawaambia watupe nyavu upande wa pili, nyavu zinajaa. Wakifika nchi kavu wanakuta makaa yanawaka, samaki yuko juu yake, na mkate upo. Anawaambia waje wale. Petro naye yumo humo, yule aliyemkana Bwana usiku wa kukamatwa kwake, mbele ya moto wa watu wengine.

Nilianza kusimulia kwa Kisukuma, na nilianza vibaya. Ulimi ulikuwa umeshazoea mjini. Bibi Tereza akaniambia nifumbe macho nimwambie mama. Nikafumba. Nikasema, Mayu, kulikuwa na wavuvi. Nilipofika kwenye yale makaa na yule samaki, nikaona jiko la mama.

Kwetu, mgeni haulizwi ametoka wapi wala ana shida gani kabla hajala, na mama alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Siku moja alikuja kwetu mtu ambaye ukoo wetu ulikuwa na ugomvi naye wa ng'ombe. Kaka zangu walisimama mlangoni, nyuso zimekunjamana, wakitaka ajieleze palepale. Mama aliwasukuma pembeni. Akamkalisha yule mtu kwenye kigoda, akamletea michembe, vile viazi vinavyokatwa na kukaushwa juani, alivyokuwa amevichemsha na karanga, na maziwa mgando. "Ale kwanza," akawaambia. "Ya kuulizana tutaulizana, ila akiwa ameshiba." Yule mtu alikula ameinamisha kichwa. Walipokuja kuulizana, hata sauti hazikupanda.

Sasa nilikuwa nimekaa kwa Bibi Tereza, macho nimefumba, namwona Petro analetewa samaki. Alikuwa na kesi nzito kuliko ya ng'ombe. Lakini Bwana hakuianza. Alimlisha kwanza, na maswali yake kwa Petro yalikuja baada ya kula, tena yalikuwa ya kumuuliza kama anampenda. Nilikuwa nimesomewa habari ile kwa Kiswahili wakati wa mafundisho, nikaijibu vizuri kwenye mtihani wa Padri, na sikuwahi kuliona hilo.

Nililia mbele za watu. Bibi Tereza akaniambia niwarudishie kwa Kiswahili nilichokiona.

Nikasema, "Huyu ana tabia ya mama yangu."

Deusi alikuwa anatazama sakafu. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Dada, mama alikuwa anaitwa nani?"

"Kabula."

"Basi tumwombee Mama Kabula," akasema, na ni yeye aliyeanza kusali. Jina la mama yangu halikuwahi kutajwa kwenye sala ya Wakristo kabla ya alasiri ile. Nililisikia likitamkwa na midomo ya Wajita na Wahaya, na hamu ya kumwona ikanishika vibaya mno, nikatamani aingie mlangoni na bakuli lake.

Tulipomaliza, Bibi Tereza akanishika mkono. "Mimi sijui mama yako yuko wapi, na mtu yeyote asikudanganye kwamba anajua. Leo umemwona kule ufukweni aliye na mamlaka juu ya hilo. Muulize yeye, na usiache kumuuliza." Akamgeukia Deusi. "Na wewe baba, ukisikia mtu anauliza na sauti inamtetemeka, usikimbilie kujibu. Muulize kwanza anamlilia nani."

Bibi Tereza ameshatangulia. Deusi alirudi kwao Kagera, akawa katekista mzuri, nasikia anapendwa kwa kusikiliza. Mimi niko huku Ilemela, kwenye nyumba yangu juu ya kilima cha mawe, magoti yananigomea kila nikipanda ngazi, na bado kila Alhamisi nakwenda kusoma na watu wa jumuiya. Wewe juzi uliniuliza kwa nini najisumbua, wakati mahubiri yote yamo kwenye simu na maelezo ya kila mstari yapo. Nimekujibu sasa. Simu haikuwahi kuniuliza mama yangu anaitwa nani.

Kwa hiyo, mwanangu, kama unataka kuijua imani hii, usiisome peke yako, wala usiisome na wale tu wanaofikiri kama wewe. Soma polepole. Ukishasoma, lisimulie somo kwa lugha uliyolelewa nayo, hata kama Kisukuma chako ni cha kuchekesha, nami nitacheka kidogo tu. Peleka na lile swali unaloliona aibu, maana pengine ndilo lililokupeleka pale. Na akija mwenzako na la kwake, wewe mnyonge na yeye mnyonge, msikilize mpaka mwisho kabla hujaonyesha unavyojua Maandiko.

Swali langu mimi bado ninalo. Nina wajukuu sasa, na kuna siku nasuka nywele za mmoja wao nikimkumbuka Mayu mpaka vidole vinasimama. Sikupewa jibu. Nilimpata wa kumuuliza, na tangu hapo sijawahi kumuuliza kwa hofu.

Mungu akupe watu wa kusoma nao. Siku ya swali lako zito, akupe mmoja kati yao atakayekuja mpaka mlangoni kwako. Akulinde uendako, akurudishe nyumbani ukiwa mzima. Na mama yangu Kabula, kama kule aliko anasikia, akuhesabu wewe pia kati ya wajukuu wake, ingawa hakuwahi kukuona.