Zimwi la Jiwe Lenye Sura ya Mjomba

Mzee Bati alikuwa fundi wa mifereji ya paa, na miaka thelathini na moja ya kazi hiyo ilikuwa imemchonga uso. Jua la juu ya ngazi, na ile tabia ya kufumba jicho moja apime mteremko, vilimwachia sura ya mtu aliyenusa kitu kilichooza. Moyoni alikuwa mpole kuliko pamba, ila uso wake haukuwahi kupata habari hizo.

Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa mchoraji wa katuni. Studio yao ilitengeneza vichekesho vya televisheni kuhusu chombo cha angani kilichojaa abiria wasiojua waendako. Nje ya chombo hicho lilikuwa limenasa zimwi la jiwe, la aina ile inayochongwa kwenye pembe za mapaa ya majumba ya kale, kinywa wazi, ili maji ya mvua yatokee mdomoni mwake yasiloweshe ukuta. Jina lake Kigae. Hakuwa mhusika mkubwa; alionekana mara moja au mbili kila kipindi, akilalamika kwamba hajaona mvua miaka mia tatu.

Siku moja Bati alikwenda kununua riveti za kuungia mabati. Muuza duka akamtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena, kisha akamgeuzia kioo cha simu, Kigae akiwa amekijaza. Bati akaliona jicho lake lililofumbwa. Akaiona hata ile chunjua ya karibu na sikio.

Habari hazikukaa. Dada yake alipiga simu mara tatu kumwombea bintiye msamaha. Mkewe alimshauri asinene neno mpaka ale. Jumapili mchana mpwa mwenyewe akaja na kompyuta kwapani, na ili amlainishe mjomba, akamfungulia kipindi ambacho kilikuwa bado hakijarushwa. Humo chombo kilitua kwenye sayari ya mawingu, na hatimaye Kigae akanyeshewa. Mkewe Bati alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Bati hakucheka. Aliomba kirudishwe nyuma, akakitazama tena akiwa amesogeza kiti, halafu akaenda zake uani.

Mpwa alirudi kwao akijua mambo yameharibika.

Asubuhi yake Bati alipanda ngazi hadi studio, ghorofa ya tatu, na kipande cha mfereji begani. Kilikuwa chumba kirefu chenye mapazia yaliyofungwa na vikombe vya chai iliyopoa kando ya kila kompyuta. Mpwa wake akasimama.

"Shikamoo, Mjomba. Najua umekasirika."

"Marahaba. Nimekasirika sana."

"Ni ule uso?"

"Uso ni wangu, nimeuzoea. Nasema maji. Mtu kangoja mvua miaka mia tatu, halafu inamchuruzika kifuani kama mtoto anayeota meno?"

Mkuu wa studio, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akavuta kiti kumsikiliza. Bati akaomba jagi la maji na ndoo ya taka. Akamimina kwenye mfereji, na maji yakafika ukingoni, yakajikunja, yakarudi kwa chini hadi kwenye kiwiko chake. Ndivyo mlivyomchora, akawaambia. Akatoa koleo mfukoni, akaukunja ukingo kidogo uelekee chini, akamimina tena. Safari hii maji yaliruka yakatua ndani ya ndoo. Akaeleza kwamba maji ni mavivu, hushikamana na chochote kilicho karibu, na zimwi lisilo na mkunjo chini ya mdomo litaozesha nyumba ya watu. Mkuu akauliza mdomo utokeze kiasi gani. Bati akafungua wake, akawaonyesha.

Walimpiga picha ishirini. Kazi ya kuchora upya ikachukua siku nne, na mpwa hakulalamika hata kidogo.

Kipindi kiliporushwa, sebule ilijaa majirani. Kigae alitoa shingo, mvua ikamiminika, na maji yakatoka kinywani mwake kwa upinde mzuri, yakavuka sitaha nzima, yakampata nahodha usoni. Bati alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Tangu hapo watu walimsimamisha barabarani wakimwomba akunje uso, naye aliwakunjia, akiwauliza kama mifereji ya kwao haivuji.

Baada ya miezi miwili mpwa alirudi na shida nyingine. Waandishi walitaka Kigae awe na mama, mwenye sura kali kumzidi.

"Si utumie ya mama yako?" Bati akasema.

"Mjomba, mimi bado nakaa kwake."

Bati alilitafakari hilo, akaona lina uzito. Akaenda kabatini akachukua albamu ya ukoo, wakaketi wawili hao kufunua kurasa taratibu, wakianza na ndugu wanaoishi mbali.