Neno Linaloishia na "Nga"

Kampuni ya mkonge iliponipunguza kazini, nilichukuliwa na mama mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa mjini Tanga. Miaka ile ya uhaba, watu walipopanga foleni hata kwa sabuni, rafu zake zilikuwa tupu. Serikali ilipofungua milango ya biashara, mwanawe alimletea kompyuta kuukuu kutoka Dubai, nami nikakabidhiwa kuitunza. Mfumo wake ulikuja na maandishi ya programu zake yote, mtu aliweza kuyasoma na kuyarekebisha. Niliyasoma kwa uchu.

Siku moja mashine ikaanza kukwama kila nilipochapa. Ndani ya kiini cha mfumo mlikuwa na sehemu ya ufuatiliaji: unaipa herufi, inakuonyesha kila kazi, yaani kila kipande cha programu kinachotenda jambo moja, ambayo jina lake linaishia na herufi hizo. Kazi niliyoishuku kuwa ndiyo inayokwamisha haikuonekana, ingawa nilijua jina lake linaishia na herufi nilizotoa. Nikagundua kosa lilikuwa kwenye ufuatiliaji wenyewe. Siku tatu nikawa naongeza mistari, na kila mstari ukazaa kosa jingine.

Mama akaniuliza kwa nini chai yangu inapoa. Nikamweleza kwa mfano. Tuseme tunatafuta maneno yanayoishia na "nga". "Tanga" mashine inalikubali. "Tangatanga" inalikataa, maana inaikuta "nga" ya kwanza, inaona bado kuna herufi mbele, basi inakata tamaa. Mimi nilikuwa nikiilazimisha itafute tena na tena.

Akaacha kukunja kitenge.

"Mwanangu, unataka mwisho, mbona unaanzia mwanzo? Si uende mwishoni moja kwa moja?"

Nilirudi kwenye mashine. Kisha nikafuta yote niliyoongeza, nikaandika mistari michache: pima urefu wa jina, ruka hadi herufi za mwisho, linganisha, jina likiwa fupi kuliko herufi zenyewe, likatae. Kuunda kiini upya kulichukua siku nzima, umeme ukakatika mara mbili. Hatimaye ile kazi ikajitokeza, nikairekebisha, na mashine ikaacha kukwama.

Mwanawe, akiwa Dubai, aliwatumia waliotunga mfumo marekebisho yetu ya ufuatiliaji. Walipojibu kuwa wameyapokea, nilimwomba mama tuandike majina yetu mawili kwenye marekebisho hayo. Akakataa, akasema yeye anajua vitambaa tu.

Baadaye alihamia kwa mwanawe. Pale sasa panauzwa simu. Nikipita hupunguza mwendo, nikitamani anikosoe tena, hata kwa jambo dogo.