Siku Nilipobeba Mabua Kimya

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa pili, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni kwa mama mkwe wangu, huku Dodoma vijijini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, vijana wamekimbilia mjini kuuza mitumba, na mume wangu akiwa mmoja wao. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama, pamoja na mbuzi wake: beberu mmoja na majike wanane. Mama alikuwa mjane. Mbuzi wale ndio waliomwezesha kuishi kwake bila kumnyenyekea mtu.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo zizi aliliona kupitia mimi. Aliniachia agizo moja tu. Beberu alifungwa kipande cha ngozi chini ya tumbo asipande majike, na ngozi ile haifunguliwi mpaka uwele uvunwe na baridi ianze. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Akipandwa kipupwe, huzaa mvua zikianza, majani yapo. Akipandwa wakati wa mvua, huzaa kipupwe, pori limekauka na upepo unakata mifupa.

Basi asubuhi hiyo nikaona ngozi imemchubua beberu, kidonda kimejaa nzi. Nikamhurumia. Nikamfungua, nikasema moyoni, siku tatu tu apone. Siku tatu zikawa wiki mbili, maana kidonda hakikukauka upesi. Ujana una huruma nyingi na akili kidogo, nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilipomfunga tena, mama sikumwambia.

Kufika mwezi wa tano, majike watano matumbo yameshaonekana.

"Mbuzi wakoje, mwanangu?" mama akauliza.

"Wamenona tu, mama."

Akafurahi, maskini. Akasema mkono wangu una baraka. Nilitamani ardhi ipasuke nizame, lakini niliogopa kurudishwa kwetu na aibu.

Tukavuna uwele. Jirani mwenye ng'ombe akaja kuomba mabua ya kuwalisha. Mama, ambaye hakujua kumnyima mtu, akanigeukia: "Kipupwe hiki hakuna jike atakayenyonyesha, si ndiyo? Basi mabua ya nini kwetu?" Nikaitika, "Ndiyo, mama." Kisha nikainama, nikayabeba mwenyewe mzigo kwa mzigo mpaka kwenye mkokoteni wa jirani. Nimebeba mizigo mingi maishani, mwanangu, lakini ule sijautua.

Mwezi wa saba wakaanza kuzaa. Mama alisikia mlio wa kitoto cha mbuzi kabla sijapata la kusema. Akatoka akipapasa ukuta, akakiokota, akakigusa mdomo uliopoa, kisha akashika kiwele cha jike aliyekizaa, kimesinyaa, hakina kitu. Hakunipigia kelele. Tuliviingiza vyote jikoni, tukavifunga kwa kanga za mama, tukavinywesha uji mwepesi kwa kijiko. Vikafa kimoja kimoja. Nilikimbia kwa jirani, nikakuta mabua yameshaliwa. Halafu majike watatu nao wakafuata vitoto vyao. Nililia kuliko nilivyolia msiba wa baba yangu, nasema kweli.

Siku tuliyomfukia jike wa mwisho, mama aliniuliza, "Siku ya mabua, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Nikamweleza yote, tangu kidonda cha beberu. "Kumfungua beberu ningekusamehe palepale," akasema. "Ulimwonea huruma mnyama, sawa. Lakini mimi ulijua sioni, ukanishika mkono ukanipeleka shimoni."

Kabla ya mvua binti yake alikuja kumchukua akakae naye Miyuji, kwa kuwa zizi halikuweza tena kumweka nyumbani kwake. Hakutaka kwenda. Nilimwona akipapasa mlango wa nyumba yake, taratibu, kama anayemuaga mtu. Alifariki huko mwaka uliofuata, nami sikuwahi kumwomba radhi ipasavyo.

Sasa sikiliza, wewe unayefuga mbuzi wako huko Msalato. Beberu mfungue kipupwe, si kabla. Akichubuka, mpake dawa na umtenge mbali na majike. Hilo ni dogo, utalijua. Kubwa ni hili: utakosea, na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Kosa langu lilikuwa na dawa, tungetunza mabua, tungeziba zizi upepo usipite. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokosa dawa. Na anayetegemea macho yako, mwambie unachokiona, hata kama kitakuvua nguo mbele yake.

Mungu akujalie ulimi usioogopa kweli. Mvua zikukute na vitoto vinaruka zizini, na wazee wako wazeekee nyumbani kwao.