Sarafu Isiyo na Mkwaruzo

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliposhuka kutoka mtaani kwetu Kadutu na mama yangu kwenda kwenye hoteli ya Wazungu kando ya ziwa, kalamu mpya mfukoni na aibu kifuani. Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Leo nina mvi, lakini aibu ile ikinijia nikiwa peke yangu, hukohoa kwa nguvu ili nisiisikie.

Nilikuwa kijana wa woga. Kupiga taipu nilijifundisha mwenyewe, na Kifaransa nilikiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa sabuni. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akiogopa kwamba siku moja watagundua hajui. Kwa hiyo sikusamehe kosa. Herufi moja ikipotea, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Kazini waliniita Papa Kapu, maana kapu langu la takataka ndilo lililotangulia kujaa kila siku.

Mwaka ule Mzungu mmoja mzee, mkulima wa kahawa aliyekuwa akirudi kwao, alitaka kuuza sarafu zake za kale kwa mnada. Mkusanyiko wake ulikuwa na sifa kubwa. Wanunuzi wengine walikuja kwa ndege. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupiga taipu orodha yake. Kutwa nzima niliandika: hii imechubuka, hii imelika ukingoni, hii haina mkwaruzo. Siku ya mnada nilisimama nyuma ya ukumbi, nikiomba isije ikaonekana nukta iliyokosewa.

Ikaletwa sarafu ya shaba yenye tundu katikati na nyota. Mabwana wawili waliishindania mpaka mashavu yakawaiva, nyundo ikagonga. Ikafuata nyingine kama hiyo, lakini yenye mikwaruzo. Hakuna aliyeinua hata kidole.

Nilishtuka. Sarafu kama hizo zilikuwa nyumbani kwetu, sita, kwenye kamba ya mama.

Mama alikuwa na desturi yake. Akizaa, alimfunga mtoto sarafu moja kiunoni. Mtoto aliichezea, akaitafuna meno yakimwota, na akianza kutembea sarafu ilirudi kwenye kamba. Jioni ile nilizitazama kwa macho ya mnada. Tano zilikuwa zimechakaa. Moja, ya tatu, ilikuwa mbaya kupita zote, ukingo umetafunwa hadi umepinda. Lakini ya pili iling'aa kama imetoka kiwandani. Nikahesabu: watoto tuko watano, sarafu ziko sita. Basi moja haina mwenyewe! Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, mwanangu. Niliifungua, nikampelekea mnunuzi mmoja hotelini. Akanipa kalamu ya wino yenye ncha ya dhahabu, niliyokuwa nikiiota tangu zamani. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

Jumapili, baada ya misa, mama alishika kamba yake na kuipitisha vidoleni. Kidole kikasimama.

"Mutoto wangu iko wapi?" aliuliza.

"Maman, ile haikukuwa na mwenyewe. Siye tuko batano tu."

"Nani alikuambia haiko na mwenyewe?"

Nilianza kumweleza habari za mnada, za sarafu safi na sarafu chafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo lililoniumiza kuliko kofi.

"Iko safi," akasema polepole, "sababu mwenyewe alikaa siku tatu tu. Alizaliwa mbele yako wewe. Hakupata hata siku moja ya kuichezea."

Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja mtoto huyo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kisha akaishika ile ya tatu, ile mbaya kupita zote, akaniwekea kiganjani.

"Yako ni hii. Uliikula kama mbuzi! Baba yako alisema, huyu atamaliza kwanza feza, kisha atakula na nyumba."

Akacheka, machozi yakimtoka. Halafu akajifunga kikwembe chake kizuri.

"Twende. Utaniongelea Kifaransa."

Hotelini mnunuzi alikuwa akifunga mizigo. Alasiri ile angepanda meli ya Goma. Nikaweka kalamu mezani. Sentensi zangu zote nzuri zikanikimbia.

"Umuambie sikukuya kuuzisha kitu," mama akasema. "Nilikuya kubeba mutoto wangu."

Nilisema kwa Kifaransa kibovu ambacho leo kingenifukuzisha kazi: sarafu, mtoto, siku tatu, amekufa, mama. Hakuna kitenzi kilichokaa mahali pake. Mzungu alimtazama mama, akaitazama kamba, akakaa kitandani. Akaitoa sarafu kwenye bahasha yake ndogo na kuuliza kama mtoto alikuwa na jina.

"Bahati," mama akajibu, na ndipo nami nilipolijua jina la kaka yangu. Sarafu ilirudi kwenye kamba, kalamu ikabaki mezani.

Miaka ikapita, nikampata binti yangu wa kwanza. Mama alikuja na kamba yake. Nilidhani atatoa sarafu mpya. Akaifungua ile ya Bahati na kumfunga mtoto kiunoni. Nikasema, "Maman, ataikwaruza!" Akanijibu, "Ndiyo. Ilingojea sana." Leo ina alama za meno manne, na hakuna mnada utakaoitaka.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayechana daftari kwa sababu ya herufi moja. Mchagua jembe si mkulima. Andika, ukosee, usahihishe pembeni, uendelee. Usimpime mtu kwa usafi wake, maana huenda aliye safi hakupewa nafasi ya kuchafuka. Na kabla hujasema kitu hakina mwenyewe, muulize mama yako. Hesabu yako inaweza kuwa sahihi na bado ukawa mwizi.

Mungu akupe siku nyingi za kutosha kujaa mikwaruzo, na akuwekee mtu mmoja anayeijua yote kwa kidole, hata gizani.