Vitenzi vya Josiane

Harufu ya ulezi mkavu inanikera hadi leo. Msimu ule wa mavuno kule Mollo baridi iliuma masikio, na vumbi la ulezi tuliokuwa tukiupiga kwa fimbo liliniwasha shingoni kutwa nzima, ila kilichoniudhi zaidi kilikuwa Kifaransa. Baba mdogo alikuwa ameoa mwanamke wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyekuja na binti yake, Josiane, wa rika langu. Kiswahili walikijua, lakini wakitaka kutuficha jambo walihamia Kifaransa na kucheka, nami nimekaa hapo kama gunia. Kitabu cha shule kilisema kula ni *manger*; wao walisema *bouffer*. Kufanya kazi kilisema *travailler*, wao *bosser*. Mwalimu wetu alinijibu kwamba hayo ni maneno ya mitaani, nisimletee darasani. Nilitamani kulia kwa hasira.

Josiane ndiye aliyenionea huruma. Tukipepeta ulezi alinifundisha kitenzi kimoja kimoja: *piger*, kuelewa; *se barrer*, kuondoka zako. Nikikosea alinirushia makapi. Sikuwa na dada, nami nilikwisha kumfanya wangu.

Jioni moja tulikuwa tunakula, baba mdogo akieleza shamba atakalolima mwakani. Mama mdogo, ambaye hakuzoea baridi wala jembe, alimwinamia binti yake akasema taratibu, “*Demain, on se barre.*” Kesho tunaondoka. Ilikuwa sentensi yao ya kwanza niliyoielewa yote. Nilimtazama Josiane, akainamisha macho. Nilimfuata baba mdogo nje nikamwambia. Alicheka.

“Maneno mawili tu, mwanangu, umeshakuwa mkalimani?”

Asubuhi chumba chao kilikuwa kitupu. Kwetu mgeni husindikizwa hadi barabarani, akabebewa mzigo, akapewa hata unga wa njiani. Hao hatukuwasindikiza, na baba mdogo hakuniuliza tena nilisikia nini.

Siku hizi mwanangu anajifunza vitenzi hivyohivyo kwenye simu, amejilaza kitandani, hawashwi na chochote. Juzi, akitoka kwenda kwa washikaji wake hapa Chanji, alinitupia mlangoni, “*Je me barre*, mama.” Nilimfokea arudi aage kama mtu. Akarudi, ameduwaa, akasema, “Mama, nakwenda, nitarudi saa kumi.” Nikavaa kandambili nikamsindikiza hadi barabarani, yeye akiona aibu njia nzima.